Mjane Aliyeingia Katika Mchezo Wetu

Tuliondoka Kolwezi kwa sababu ya barua. Tata Muteba, karani wa kituo kidogo cha treni upande wa Dilolo, alikuwa ameuona mchezo wetu alipokuja kumtembelea mmoja wa ndugu zake katika kambi ya wachimba migodi. Aliandika kwamba kwao nako wajane wananyang'anywa vitu, na kwamba tungefanya vema kufika. Tulikuwa watatu: Kapend, fundi wa umeme, aliyeigiza shemeji, Mujinga, muuguzi, aliyeigiza mjane, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuukatiza mchezo. Shemeji alipoanza kutoa vitu nje ya nyumba ya marehemu, nilisimama katikati na kuwauliza watazamaji: mama huyu afanye nini? Mwenye jibu hakulisema akiwa amekaa. Alikuja mbele, akafunga kitambaa cha Mujinga kichwani, akaigiza mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, kituoni Kolwezi, askari walitukagua vitambulisho mara mbili. Mmoja alilifungua daftari langu lenye maneno ya mchezo, akalisoma polepole huku midomo ikicheza. Kurasa nne zilikuwa zimeandikwa. Ya tano ilikuwa tupu, kwa sababu ilikuwa ya watazamaji. Alinirudishia, nami nikalisukuma chini kabisa ya mfuko wangu.

Njiani, katika kituo cha Mutshatsha, tulikaa saa nyingi tukingoja njia ifunguke. Mujinga aliniuliza itakuwaje mtu akisimama na kusema maneno dhidi ya wakubwa. Miaka ile ya Zaïre swali hilo halikuwa la mzaha. Nilimjibu kwamba tunazungumzia wajane tu. Sikuliamini jibu langu, na nadhani aliona.

Jumamosi asubuhi tulifika. Mke wa Tata Muteba alitupikia bukari, yaani ugali, na samaki wa kukauka, na mwenyeji wetu alituhudumia kwa furaha kubwa. Kisha akatupeleka kwa chef, yaani mkuu wa mtaa, kuomba ruhusa. Chef alisoma daftari, akageuza ukurasa wa mwisho, akaugeuza tena.

"Mwisho iko wapi?"

Nilimweleza kwamba mwisho unatoka kwa watu.

"Basi, kama bantu banasema mubaya, nani njo atajibu?"

"Mi njo nitajibu," nilisema.

Aliniandikisha hivyo kwenye karatasi, nikatia sahihi, akaifungia katika mtoto wa meza yake.

Alasiri, kando ya ghala la kituo, watu walijaa hadi juu ya magogo. Chef alikaa mbele kwenye kiti, na Tata Muteba kando yake. Kapend alitoa chungu na mkeka, watu wakacheka, nami nikaingia kukatiza. Niliuliza swali letu. Mzee mmoja alisema mama huyo asali na kuvumilia. Nilishukuru moyoni, kwani kwa jibu kama hilo tungerudi nyumbani salama.

Ndipo mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaja mbele. Baadaye nilijua jina lake, Mama Mwadi. Alifunga kitambaa. Kapend akamwekea chungu miguuni kama tulivyozoea, lakini hakukiangalia.

"Weye hauko shemeji yangu," alimwambia Kapend. "Shemeji yangu anakaa pale, pembeni ya chef." Akamgeukia mwenyeji wetu. "Tata Muteba, mashini ya kushona ya bwana yangu iko mu nyumba yako tangu kilio. Batoto ba ndugu yako banakula nini?"

Kanuni yetu ilikuwa niulize nani mwingine ana la kusema, lakini niliiona karatasi yenye sahihi yangu kana kwamba imewekwa mbele yangu. Niliuliza kwa sauti ndogo. Mwanamke wa pili akasimama, kisha wa tatu. Walikwenda tu kusimama kando ya Mama Mwadi. Chef akainuka, akasema mchezo umekwisha, na kwamba Jumatatu anawataka Mama Mwadi na Tata Muteba ofisini.

Tulipofika nyumbani kwa Tata Muteba, mizigo yetu ilikuwa imetolewa nje, barazani.

"Mulikula kwangu," alisema. "Sasa munaniletea haya mbele ya bantu. Ile mashini mi nachungia batoto ba ndugu yangu."

Nilimtazama usoni na kuona kwamba aliamini kabisa alichosema. Jambo hilo lilinitisha kuliko hasira yake. Tulipata pa kulala kwa katekista.

Jumapili asubuhi treni ya Kolwezi ilikuwa kituoni. Tulikuwa tumekwisha panda Mama Mwadi alipokuja kutuaga dirishani. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Mama Mwalimu, ninyi munapanda treni. Mi nabakia."

Hakusema kwa lawama. Nilimwomba Kapend anishushie mfuko. Alinikumbusha wanafunzi wangu, na kwamba treni nyingine ingekuja Jumatano tu. Nilishuka hivyo hivyo.

Jumatatu, ofisini, chef alitoa karatasi yangu na kuuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha mama huyu maneno yake. Nilijibu kwamba nilimuuliza tu, na kwamba nimebaki ili nijibu kama nilivyoandika. Aliiweka karatasi mezani, kisha akamgeukia Tata Muteba. Huyu alirudia kwamba anawatunzia watoto mashine hadi wakue. Mama Mwadi akauliza nani atawalisha hadi wakue. Chef alipomrudishia swali hilo, karani aliinuka, akasema kazi inamngoja kituoni.

Siku iliyofuata, mchana, mke wa karani aliileta mashine kwa toroli. Ilikuwa haina sindano wala mkanda. Mama Mwadi aliifuta vumbi, akanituma nikamtafutie sindano kwa wauzaji wa kituoni.

Jumatano nilirudi Kolwezi, ambako barua ya onyo kutoka shuleni ilinisubiri. Kwa miaka nilikuwa nimedhani kwamba ujasiri wa mchezo wetu ulikuwa katika lile swali. Kuuliza kulikuwa rahisi. Nilikuwa na tiketi ya kurudi. Tangu safari ile, kila tulipoalikwa mbali, tulisema kwanza kwamba baada ya mchezo tutakaa siku tatu. Wengi hawakutualika tena.