Misumari ya Nguzo

Mlinzi yule Mkongo hakuwahi kuipita nguzo ile ya mbao bila kuigusa. Kila asubuhi Rosalia, aliyekaanga magwinya, maandazi ya huku, pale langoni pa kiwanda cha mbao, alimwona akipitisha mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu, juu ya misumari yenye kutu, taratibu, kama anayepapasa kichwa cha mgonjwa. Kiwanda kilikuwa gofu tu kando ya reli. Enzi za dhahabu ya mwanzo, msumeno wake wa mvuke ulipasua magogo ya kuegemezea mashimo ya migodi. Mzee wa Kizulu aliyemwachia mlinzi lindo ndiye aliyemsimulia habari za nguzo. “Kila musumari ni kidole ya mutu, mama,” mlinzi alimwambia Rosalia kwa sauti yake ya kukwaruza. “Musumeno ikikata, wenzake wanapigilia moja. Kidole yenyewe inaenda na vumbi ya mbao ndani ya moto. Hakuna hata moja iliyozikwa.”

Mwaka 2003 gofu liliuzwa. Tajiri mpya akamtupia koleo: “Ng’oa yote, mzee. Mbao hii nzuri, isinivunjie msumeno.” Aling’oa kutwa nzima, mmoja mmoja, akiiweka ndani ya kofia yake. Kisha akachimba kishimo kando ya reli, akaimimina. Kabla hajafukia, alirudi langoni. “Mama, nisaidie na misumari mbili.” Rosalia aliutazama ule mkono uliopungukiwa vidole viwili, akang’oa miwili kwenye mguu wa meza yake ya magwinya.

Meza hiyo inayumba mpaka leo.