Mgeni Aliyeuliza Njia ya Ziwani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, akili zangu zikiwa timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hutapata nafasi.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya tambarare ya Nyando, si mbali na Ahero. Alasiri hiyo wanafunzi walikuwa wamekwenda nyumbani, nami nimebaki darasani na mto Murray niliouchora ubaoni. Ni mto wa Australia. Unaanza kwenye milima ya mashariki, unaelekea magharibi, unapokea maji ya mto Darling, kisha unapita ziwa Alexandrina kabla ya kufika baharini. Kando yake nilikuwa nimechora vidimbwi vilivyopinda kama mundu. Kule huviita bilabongi: ni njia za zamani ambazo mto umezihama.

"Oimore, Japuonj," mtu akanisalimu mlangoni kwa Kijaluo, akiniita mwalimu.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, leso kichwani, miguu mitupu. Alikuwa amelowa chapachapa, ilhali mvua ilikatika tangu saa sita. Nikamkaribisha.

"Huyu kwa ubao ni nani?" akauliza.

Ni nani, si ni nini. Nilidhani ni Kiswahili chetu cha huku ziwani tu, tusiojali ngeli.

"Ni mto, Mama. Wa nchi ya mbali."

"Na hizi njia zake za zamani, huwa anarudi?"

Niambie, wewe ungenyamaza? Miaka yote nimewaambia watoto hakuna swali la kijinga. "Swali zuri sana hilo!" nikamsifu. "Maji yakizidi, hurudi. Mto hausahau."

"Mimi naenda ziwa, Mwalimu. Kuna mahali nilikuwa napitia, limenipotea. Nazunguka tu."

Nikachukua chaki. Nikamchorea Nyando wetu, kutoka milima ya Nandi, kuteremka hadi tambarare, kujipindapinda kwenye mashamba ya mpunga, kuingia kwenye mafunjo na kumalizikia ghuba ya Winam. Akatikisa kichwa, si hapo. Basi nikaongeza mstari wa nukta: njia ya kale ambayo baba alinionyesha, iliyohamwa kabla sijazaliwa.

Uso wake ukachangamka. "Ndiyo hiyo!"

"Ni fupi kweli, lakini siku hizi kuna boma letu hapo katikati. Mama yangu anakaa hapo."

"Peke yake?"

"Peke yake. Amekataa kuliacha kaburi la baba."

"Atanifungulia?"

"Mama yangu? Hajawahi kumwacha mgeni nje."

Akacheka, kama changarawe zikiburutwa na maji, akashukuru. "Erokamano, Mwalimu. Unafunza vizuri."

Alikokanyaga palibaki maji. Niamini, maji hayo hayakutulia. Yalitambaa sakafuni, yakamfuata.

Saa moja jioni mama akanipigia simu, anacheka. "Wewe! Unanitumia mgeni miguu mitupu, hata ndara umeshindwa kumpa? Yuko kwa mlango, amelowa. Anasema mwanangu ndiye amemchorea njia."

"Mama, usifungue!"

"Nimeshafungua, bwana. Kwani nimwache kwa baridi?"

Kisha nikasikia kishindo, na simu ikakatika.

Kulipopambazuka mto ulikuwa ukipita pale pale nilipoweka nukta zangu, na hadi leo haujaondoka. Mama hatukumpata. Kwetu, mwili ukikosekana, huzikwa tunda la mti wa yago badala yake, bomani kwake. Lakini boma lipi? Liko chini ya mto, pamoja na kaburi la baba. Wazee walikaa, wakaniachia tunda mkononi, wakaenda zao.

Ualimu niliacha. Napanga chumba mjini, karibu na Kibuye, na tunda lile liko chini ya kitanda changu. Limekauka, jepesi kama kibuyu kitupu. Ila mvua ikinyesha milimani, hata kama hapa mjini ni jua kali, nikiinama nalikuta limelowa.

Najua wewe una moyo mzuri, unapenda kumsaidia mgeni. Usiuache moyo huo. Lakini siku akikujia mtu aliyelowa na mvua hakuna, akauliza mto ni nani, kama anavyouliziwa binadamu, mwambie hujui. Hata kama unajua kila kona, sema hujui.

Mimi nilijua, nikaeleza.