MVP wa timu iliyochapwa final alitaka kuninyima ubatizo wa mjukuu

Wajukuu wa humu, na wakuu wote mnaopenda kubishana, salamu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie. Lakini uongo sijui kuandika.

Niko hapa Doha, Al Mansoura, kwa binti yangu ambaye ni nesi. Nilikuja kumlelea mtoto, Neema. Visa yangu inaisha Jumapili. Ubatizo ni kesho Ijumaa. Msimamizi wa mtoto ni mjomba wake, kijana wangu Wafula, ambaye tunaishi naye humu humu.

Sasa sikieni.

Wafula na mkwe wangu, Baba Neema, ni walinzi kampuni moja. Wafilipino wa kazini waliwafundisha besiboli. Mtu anapiga mpira na rungu, anakimbia kuzunguka uwanja, anarudi pale pale alipotoka. Sijui huwa wanaenda wapi.

Mwaka huu wakaingia mtoano. Robo wakapita, nusu wakapita. Baba Neema ndiye mrushaji, Wafula ndiye mpigaji.

Final wakachapwa vibaya.

Mtu mwenye akili angeoga alale. Hawa wakaanza kubishana nani ndiye MVP, yaani mchezaji bora, wa mtoano!

"Bila rungu langu tungetoka robo," Wafula akasema.

"Kukimbia hata kuku anakimbia. Nusu final ni nani aliwanyamazisha wale?"

"Na final wewe ulinyamazishwa na nani, shemeji?"

Kura ikapigwa kwenye WhatsApp group ya timu. Sare. Mmoja alimpigia dereva wa basi lao. Huyo nilimuona wa maana.

Jana Wafula akatangaza hawezi kusimamia mtoto kwenye nyumba isiyomheshimu. Baba Neema akajibu ni sawa, atatafuta mtu anayejua kudaka, asije akaangushiwa mtoto.

Na padri alishasema: msimamizi aliyehudhuria mafundisho asipofika, tunangoja zamu nyingine, miezi huko mbele. Mimi nitakuwa nyumbani Bungoma naangalia picha kwa simu.

Shida yangu ni hii. Kwetu mama mkwe hamgombezi mkwe. Hata kumtazama usoni ni kazi, na hii flat ina sebule moja. Miezi mitatu naongea naye kupitia mtoto. "Neema, mwambie baba yako chai iko tayari."

Kwa hivyo nilimgombeza Wafula peke yake. Akaniambia, "Mama, mbona mimi tu? Yule unamwogopa?"

Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Leo asubuhi wote wako mezani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Nikambeba mtoto. "Neema, mwambie baba yako..." Neema akacheua maziwa kwenye leso yangu.

Nikachoka na mkalimani.

Nikainua uso, nikamtazama mkwe machoni. Akasimama mwenyewe. Binti yangu akaangusha kijiko.

Nilichojifunza: heshima ni nzuri, lakini nilikuwa nimejificha nyuma yake huku nyumba inabomoka. Na nyinyi vijana, msigombanie sifa za kombe ambalo wenzenu wamelibeba wakaenda nalo.

Anayeona nimevunja mila aandike hapo chini, nitasoma yote. Lakini nilichosema sirudishi:

"Wafula, kesho saa mbili utambeba huyu mtoto mpaka mbele ya padri. Na wewe Ochieng', ndiyo, nimekuita jina, utatembea kando yake na mkoba wa nepi. Mpaka nipande ndege, mtu asitaje rungu wala mpira hapa ndani. Geukeni sasa, mle mkiangaliana."