Wahisani Mbalimbali

Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Beltsville, huku Marekani, kamati yetu ilikuwa inapitia kijitabu cha historia ya hospitali ya wazazi ya kwetu nyumbani, ile tunayoichangia vitanda vipya. Mwenyekiti akasoma, kidole hewani: "Ilianzishwa na wahisani mbalimbali."

Mkunga mstaafu aliyefanya kazi pale miaka mingi akavua miwani. "Mhisani alikuwa mmoja, mwanangu. Myahudi, mwenye duka la vitambaa. Alijenga ili mama yeyote ajifungue bila kuulizwa dini wala kabila."

"Tunajua, mama. Lakini tusi-complicate mambo. Watu wakiliona neno 'Myahudi' wataanza maswali."

"Wewe nilikupokea mimi, kwa mikono hii. Mama yako hakuuliza jengo ni la nani."

Mwenyekiti akatazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. Sisi wajumbe, na digrii zetu zote, tukainamia vikombe vya chai. Sentensi ikapita.

Sasa kijitabu kimetoka. Mwanzilishi kapewa maneno mawili. Mwenyekiti kapewa ukurasa mzima, na picha kavaa tai. Mchango wake kwa hospitali ile, nijuavyo mimi, ni kuzaliwa humo.