Belyse na Theluji ya Mawingu ya Chini

Belyse alikuja kwangu Muhima, hapa Kigali, akitaka kupanga chumba cha nyuma ya duka langu. Mama wa makamo, amekulia Bujumbura, anakaa Batsinda, Kiswahili chake kinapita changu. Nikamuuliza anauza nini.

"Siuzi. Natafuta theluji."

"Ya wapi?"

"Baharini, kaskazini huko. Setilaiti inaleta picha, mimi naweka alama: hapa mvua, hapa theluji, hapa pakavu. Kompyuta inajifunza kwangu."

"Na theluji umeshaiona?"

"Wewe bosi unauza maturubai. Umeshalala hemani?"

Nikampa chumba. Nilitaka na yeye awe ananiambia siku za mvua Kigali. Akasema setilaiti si mganga. Basi, betri niliyomwahidi ya kutumia umeme ukikatika, nikaitoa kwenye mapatano.

Alitaka kitu kimoja: kufanywa mkuu wa kundi lao la waweka alama. Mkuu hupata mkataba wa kudumu. Wengine huomba upya kila msimu.

Kabla uteuzi haujafanyika, ikaja taarifa ya meli. Mabaharia walipigwa na theluji mchana kutwa, pale pale Belyse alipoweka alama ya pakavu. Nilimkuta kashika kichwa.

"Mawingu yalikuwa ya chini," akasema. "Hapa kwetu wingu la hivyo lina nini? Manyunyu tu. Mvua yenyewe ni ya wingu lililopanda, lenye radi. Nikayaruka yote. Kumbe kule upepo ukitoka kwenye barafu ukapita juu ya maji yenye joto kidogo, hilo hilo la chini linamwaga theluji."

"Sema setilaiti haikuona."

"Nusu ni kweli. Rada yake karibu na maji inachanganyikiwa. Ila nilikuwa na picha nyingine, ikaonyesha, nikaidharau."

"Nusu inatosha, mama. Nani anamwonyesha mteja tundu la turubai?"

"Kompyuta imeshashika kosa langu, bosi. Nikinyamaza, itairuka theluji kila mwaka."

Akampigia Annick, msimamizi wao, akasema yote. Akarudia picha za majira yote ya baridi bila malipo. Ukuu akapewa Audace, mwenzake kwenye kundi. Kwenye sehemu yake ya bahari hakuna meli iliyopita ya kumuumbua.

Belyse alibaki na mkataba wa msimu, ila sasa anafanyia kazi ofisini kwao Remera, Audace akimkagua. Mimi nilipoteza mpangaji asiyesumbua, nikapata fundi wa simu anayelipa zaidi na kupiga kelele.