Siku Niliyomsitiri Jenerali

Kijerumani changu sikukipata darasani. Nilikiokota chumbani kwetu Mbagala, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kamusi isiyo na jalada niliyoikuta kwenye vitabu vya mtumba. Mpaka leo mtu akiniuliza cheti kiko wapi, nabadili mazungumzo. Kwa hiyo daktari mmoja Mjerumani wa Mikocheni, aliyeolewa na Mtanzania, aliponiomba nimtafsirie baba yake maandishi fulani, nilikubali haraka kabla hajabadili mawazo, halafu nikaishi na hofu wiki nzima.

Baba yake alikuwa jenerali mstaafu. Alianza kama rubani wa ndege za kivita, akapanda vyeo mpaka juu kabisa, na baada ya kufiwa na mkewe akaja kuishi kwa binti yake. Wajukuu zake Kijerumani wanakijua cha kushukuru chakula tu. Alikuwa ameandika maisha yake ya jeshini kwa mkono, kurasa arobaini, na alitaka siku atakapotimiza miaka themanini wajukuu wasomewe kwa Kiswahili, lugha wanayogombana kwayo uani.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akajibu marahaba amesimama wima, kama mtu anayepokea saluti.

Ukurasa wa kwanza niliuandika mara kumi na moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ni ugonjwa. Nikiona neno limekaa vibaya siwezi kula. Lakini kadiri nilivyosonga mbele niliisahau hofu yangu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukutana na maisha kama yale. Aliandika jinsi walivyolala na nguo za kurukia, buti zikiwa miguuni, ili kengele ikilia wawe angani kabla chai haijapoa. Miaka yote hiyo vita walivyovisubiri havikuja, nao waliendelea kulala na buti. Sehemu moja ilinishinda, pale aliposema kwamba kwenye kona kali damu yote hukimbilia miguuni na macho huona kiza. Nilimuuliza. Akatoka bustanini, mzee wa umri ule, akajaza maji ndoo ndogo na kuizungusha juu ya kichwa chake. Halikudondoka hata tone.

"Maji ni damu," akasema. "Ndoo ni mimi."

Mlinzi wa getini alisimama kuangalia, mdomo wazi. Mie pia.

Kisa kilichonikaa moyoni zaidi kilitoka miaka aliyokuwa mkuu wa kambi. Asubuhi moja koplo, fundi wa ndege, alihesabu vifaa vyake na kukuta bisibisi moja haipo. Angeweza kunyamaza, maana bisibisi ni kitu cha kuazima kwa jirani. Lakini bisibisi iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kumuua rubani, na koplo yule akaenda kusema. Jenerali akasimamisha ndege zote. Zilipekuliwa moja baada ya nyingine mpaka mchana, bisibisi ikapatikana, kisha akawapanga askari wote mstari na kumshukuru koplo mbele yao. Nilipomaliza kutafsiri kisa hicho niliweka kalamu chini. Kwetu, nilipokulia, aliyepoteza kitu huwa anatafuta wa kumsingizia.

Ndipo nikafika ukurasa wa thelathini na moja.

Hapo alirudi nyuma hadi siku alipokuwa bado kijana, akiongoza ndege mbili. Ubavuni mwake aliruka rubani mdogo kwake. Wingu lilikuwa chini na kanuni ilisema warudi. Yeye akaamua washuke walipenye. Yeye alitokea upande wa pili, mwenzake akaugonga mlima. Aliandika sentensi fupi: "Uamuzi ulikuwa wangu. Kosa lilikuwa langu."

Nilimsomea mama. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo magotini.

"Utasoma hivyo mbele ya wajukuu zake?"

Nikamwambia ndivyo alivyoandika mwenyewe.

"Mtu mzima akivuliwa nguo na upepo, wewe unageuza uso. Msitiri mzee wa watu. Andika siku yake ilifika, basi."

Sisi ndivyo tulivyolelewa. Msibani hata aliyekufa kwa uzembe wa mtu tunasema Mungu amempenda zaidi, na anayeuliza zaidi ya hapo anaonekana hana adabu. Nikaandika: "Wingu lilishuka ghafla, na siku ya mwenzangu ikawa imefika." Sitamtwika mama mzigo huu peke yake. Sentensi ile niliipenda. Niliisoma kwa sauti nikaona imekaa vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikapeleka kazi, nikapewa ahsante na mwaliko wa sherehe ya Jumapili.

Alhamisi nilikuwa naipitia nakala yangu nikitafuta mkato uliokosewa. Nikafika kwa koplo na bisibisi yake, na hapo nikakwama. Nilikuwa nimeacha kitu ndani ya ndege ya mtu, na Jumapili ingeruka. Niliandika ujumbe wa simu nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta. Nikikiri, kazi imekwenda, na jina langu la "yule asiye na cheti" litanifuata Mikocheni yote. Nikinyamaza, nani atajua? Daktari hakuwa na nafasi ya kulinganisha kurasa arobaini. Ijumaa asubuhi nilikwenda.

Nilimkuta mzee kibarazani. Nyuma ya ukuta kuna karakana ya kuchomelea mageti, na ilibidi nipaze sauti, jambo lililofanya aibu iwe mara mbili. Nilimwambia nimebadilisha ukurasa wa thelathini na moja. Hofu ilinivuruga mpaka nikakosea maneno ninayoyajua tangu mwezi wa kwanza wa kujifunza.

Alivua saa yake akaiweka mezani, akavua na miwani. Akanieleza kwamba kila waliporudi kutoka angani waliketi chumbani pamoja, vyeo vikabaki mlangoni, na kiongozi ndiye aliyeanza kutaja makosa yake kabla ya mwingine yeyote.

"Naanza mimi," akasema. "Nilikupa ukurasa ule kama kurasa nyingine. Sikukuambia kwamba zote arobaini niliziandika kwa ajili ya huo mmoja. Kosa langu. Sasa wewe."

Jenerali, anakiri kosa kwangu mimi.

"Nilikuonea haya," nikasema. "Nikaona nikikusitiri ndiyo heshima."

"Mimi umenisitiri. Yule kijana umemfanyia nini?"

Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Alikuwa kwangu neno moja katika sentensi nzuri. Kwa sentensi yangu, wajukuu wangemwona rubani aliyejiendea mlimani mwenyewe, kwa sababu hapakubaki mwingine wa kubeba kosa.

"Na sasa unafanyaje?" akauliza.

Niliomba kalamu. Mimi wa mara kumi na moja niliandika mara moja tu, palepale, juu ya paja, na mwandiko ukaenda upande. Alinirudisha mara nne kwenye neno "kosa" akilirudia nyuma yangu mpaka matamshi yake yakanyooka, kwa sababu ukurasa huo alitaka kuusoma mwenyewe.

Jumapili, baada ya pilau, mjukuu mkubwa alisoma kurasa thelathini, watu wakicheka kwenye kulala na buti na kupiga makofi kwa koplo. Kisha mzee akasimama. Kiswahili chake kilitembea taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Kosa lilikuwa langu." Hakuna aliyegeuza uso. Mjukuu mdogo kabisa akauliza nani alimwambia mama yake yule kijana.

"Mimi," akasema. "Nilikaa jikoni kwake. Akanipa chai."

Niliporudi nyumbani, mama aliuliza kama nilimsitiri mzee. Nikasema hapana, na nikaanza kujieleza, maana najua kujieleza. Akanikatiza, akaniambia nimsomee tu. Nilisoma ukurasa wote nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Nilipofika penye "Kosa lilikuwa langu," alishusha mtandio begani.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.