Nyanya na Mjukuu Katika Mstari Mmoja

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya hospitali, nami nilikuwa nimevimba kichwa kwa majivuno. Katika Nyeri ya miaka ile ya tisini, nani mwingine aliyejua kutuma faili kwa laini ya simu hadi kwenye kompyuta ya Nairobi? Kila wiki nilipakia majina ya wagonjwa wetu, walio hai na waliofariki.

Mama mmoja wa kijiji cha Wamagana akaja kwenye dirisha la ofisi yangu ya rekodi na binti yake wa miaka saba, nguo zao tayari kwenye kiondo. Mtoto alikuwa anangoja kupasuliwa moyo Nairobi.

"Madam, nimepigia hao watu wa Nairobi simu. Ati kitanda imepewa mtu mwingine. Ati mtoto yangu alikufa!"

Nikafungua orodha ya Nairobi. Jina la mtoto, kijiji chake, kisha: amefariki. Mwenyewe alikuwa ananitazama tu, midomo imemgeuka rangi. Nywele zilinisimama.

"Cucu, salimia madam," mama akamwambia.

Hapo nikaelewa, na aibu ikanishika. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na nyumbani huitwa cucu, yaani nyanya, kama nyanya mwenyewe. Nyanya wa mtoto huyu alifia katika wadi yetu mwezi uliopita. Nami, kwa uvivu, nilikuwa nimeielekeza kompyuta kwamba jina na kijiji vikilingana, huyo ni mtu mmoja. Mimi, mzaliwa wa Tetu, huku huku Nyeri, ninayeitwa jina la nyanya yangu!

Nikampa kila mmoja nambari yake, nikatuma upya. Modemu ikaanza kukoroma na kupiga mluzi. Mtoto akasogea karibu.

"Cucu alikuwa anapumua hivyo," akasema. "Siku ya mwisho nyumbani. Tulikuwa tunalala na yeye."

Mama akamziba masikio. Nilitamani kuchomoa waya, lakini ningeikata laini, na kitanda kingepotea. Hatimaye jibu likaja: mistari miwili imepokelewa. Nikapiga simu Nairobi, nikabembeleza, nikafoka. Wakamrudishia kitanda chake, Jumatatu.

"Sasa nimewatenganisha," nikamwambia mtoto, nikijaribu kutabasamu. "Cucu ni cucu, na wewe ni wewe."

Machozi yakamlengalenga.

"Kwani haendi na mimi?"

"Anaenda," nikasema upesi, nikaogopa, kwa sababu mwenyewe niliamini kwamba marehemu angeandamana naye.